Kwenye Ramani ni Stoo

Mzee alikuwa amelalia ubavu wa kushoto na mkwewe, Mama Pazia, alikuwa anamfuta mgongo kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, dirisha lilipogongwa kwa nje. Halikugongwa kwa kidole. Liligongwa kwa mpini wa mwiko.

"Hodi humu! Fungeni dirisha, saruji itaingia ndani."

Mama Pazia aliweka beseni sakafuni, akamfunika mzee shuka, akachungulia. Kichochoroni, walikopita watu kila asubuhi kwenda kazini, palikuwa na toroli na matofali yaliyopangwa kutoka pembe ya nyumba mpaka chini ya dirisha lake. Mwashi mmoja mwenye kofia ya sufu alikuwa anavuta uzi kutoka kigingi hadi kigingi. Uzi wenyewe ulipita karibu mno na nyumba. Bawa la dirisha, lililofungukia nje, liliugusa likautikisa.

"Tufunge mpaka saa ngapi?" aliuliza.

Mwashi alishika uzi ukatulia. Hakumtazama. "Mama, mimi naona hamtafungua tena."

Jirani wa nyuma alikuwa anajenga. Hilo lilijulikana. Lisilojulikana ni kwamba kichochoro nacho kilikuwa kimeshauzwa, na muuzaji ni mwenye nyumba wao, ambaye juzi tu alipita kila mlango akiwakumbusha wapangaji wasimwage maji uani.

"Kumbe ni ukuta?" mzee aliuliza kutoka kitandani. Ulimi wake ulikuwa mzito upande mmoja tangu kiharusi, lakini mkwewe alimwelewa kila neno.

"Ni ukuta, baba."

"Wa matofali au wa mabati?"

"Matofali."

Mabati yangeng'olewa.

Mama Pazia alitoka akazunguka mpaka kichochoroni, kanga mabegani, mikono bado inanuka sabuni. Alimweleza mwashi kwamba ndani kuna mgonjwa asiyeweza kuinuka, kwamba chumba kina dirisha hilo moja tu, na kwamba yeye anakwenda sasa hivi kwa watu wa ujenzi kuleta karatasi ya kusimamisha kazi. Mwashi alisikiliza huku akikwangua mwiko kwa ukucha.

"Mama, mimi nalipwa kwa kozi, kila mstari wa matofali na hela yake. Nikikaa, sili. Lakini sikiliza. Nitaanzia kule pembeni. Hapa dirishani nitapaacha mwisho. Mpaka saa nane nitakuwa nimefika. Ukija na karatasi, naweka mwiko chini, haki ya Mungu. Usipokuja nayo, usinilaumu."

"Saa nane?"

"Saa nane na nusu, nikivuta miguu."

Mtaa mzima ulimwita Mama Pazia, ingawa hakuwa na mtoto wa kumwitia umama. Alikuwa ameshona mapazia miaka kumi na mmoja. Mzee huyo hakuwa baba yake wa kumzaa. Alikuwa baba wa mumewe, na mumewe aliondoka miaka minne nyuma kutafuta kazi mji mwingine, akapiga simu miezi miwili, kisha simu ikawa haipatikani, kisha zikaja habari kwamba ameshaoa. Mwaka uliofuata mzee akaanguka. Watu wakamshauri mwanamke amrudishe kwa ndugu zake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wakicheka, lakini huu si wa usufi, huu ni wa mawe. Yeye alijibu kwamba atafikiria. Alifikiria mwaka, akafikiria wa pili, na kila asubuhi aliamka akachemsha maji.

Chumba kile alikichagua mzee mwenyewe, siku alizokuwa bado na miguu. Walizunguka vyumba vitano. Kimoja kilikuwa na dirisha la luva, nusu ya vioo vimeng'oka na nafasi zake zimezibwa kwa maboksi. Kingine kilikuwa na tundu lenye nondo, si kubwa kuliko sinia. Cha nne kilikuwa kizuri, kipya, dirisha la alumini la kusukuma, na mwanamke alikipenda. Mzee alisukuma kioo huku na huku, akatikisa kichwa.

"La kusukuma linafunguka nusu. Ukifungua huku, umefunga kule. Anayekwambia nusu ni bora kuliko nzima, ana kitu anataka kukuuzia."

Alikuwa ametengeneza madirisha ya mbao miaka arobaini. Wenzake walimwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa wanajaribu. Walipofika chumba cha tano aligonga fremu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akafungua mabawa yote mawili mpaka yakalala ukutani kwa nje. "Hapa," alisema. Tangu alipoanguka, dirisha hilo ndilo lililokuwa mtaa wake. Aliwajua watu kwa mwendo kabla hawajatokea. Wasichana wa shule walisimama kumuuliza saa. Watu wazima walikuja kumwuliza kama mlango wa inchi thelathini na mbili utapitisha kabati, naye aliwajibu kwa urefu mpaka wakachelewa walikokuwa wakienda.

Mama Pazia alimwachia mkate na chai kwenye chupa, akauweka mrija kwenye mkono wake mzima, akaondoka mbio.

Dukani, bosi alikuwa tayari amepakia mapazia kwenye gari.

"Bosi, naomba ruhusa. Nyumbani wananizibia dirisha."

"Wanakuzibia nini?"

"Dirisha. Wanajenga ukuta."

Bosi alikuwa mwanamke asiye mbaya. Alimtazama kwa huruma ya kweli, kisha akatazama saa yake. "Dada, leo ni ile nyumba kubwa. Madirisha kumi na tisa. Nani mwingine anajua kutundika pale? Twende, tutundike ya vyumba vya kulala, halafu saa tano nakuachia. Ukiondoka sasa, mteja anatuacha, na mimi nitamwambia nini? Kwamba fundi wangu amekwenda kulia kwa sababu ya ukuta?"

Mama Pazia akapanda gari.

Nyumba ile ilikuwa na kila aina ya dirisha aliyowahi kuiona na mbili ambazo hakuwahi. Sebuleni kioo kilianza sakafuni kikaishia dari. Kwenye ngazi kulikuwa na dirisha la duara ambalo hakuna mtu angelifikia. Jikoni yalikuwa ya kusukuma juu, bafuni vioo vya ukungu, na chumba cha kusomea kilikuwa na kibaraza cha kioo kilichotokeza nje, chenye kiti, ili mtu akae ndani ya dirisha lenyewe. Mama Pazia alipanda ngazi ya kukunja, pini mdomoni, futi shingoni, akaanza kuingiza pete kwenye fimbo.

Mwenye nyumba ile, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alikuja kusimama mlangoni mwa chumba cha kulala. Mapazia yalikuwa mazito, bitana mbili, neti kwa ndani. Bosi aliyavuta yakakutana.

"Bado naona mwanga pale pembeni," mama alisema.

Kweli, upande wa kulia ulipita uzi wa jua, mwembamba kama wembe.

"Huo ni mdogo sana, mama," bosi alisema.

"Mimi nililipia giza. Nikilala mchana, sitaki kujua kama ni mchana."

Ikabidi Mama Pazia ashushe pazia lote, afumue upindo, aongeze kipande cha bitana cha upana wa kiganja, ashone kwa mkono akiwa amekaa kwenye zulia. Saa tano ikapita. Alishona haraka mpaka akajidunga mara mbili, na mara ya pili alinyonya kidole haraka ili damu isiguse kitambaa. Walipolitundika tena na kulivuta, chumba kikawa cheusi ti. Hakuona hata mkono wake.

"Ndiyo," sauti ya mama ilisema gizani, imeridhika. "Sasa napumua."

Saa sita na robo bosi akamwachia.

Ofisi ya ujenzi ilikuwa na foleni ya watu saba na benchi la watu wanne. Karani wa mlangoni alimwambia wanakaribia kwenda kula. Alisimama. Alipoitwa ndani ilikuwa saa saba na dakika arobaini. Aliona kwa saa kubwa iliyoning'inia juu ya kichwa cha ofisa, na muda wote aliokuwa akiongea macho yake yalikuwa yakipanda huko.

Ofisa alikuwa kijana, shati limepigwa pasi vizuri, meza safi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Hilo lilimpa moyo.

"Sheria iko wazi, mama. Huwezi kujenga ukuta mbele ya dirisha la chumba cha kuishi bila kuacha nafasi. Jirani amekosea."

"Ndiyo, baba! Basi niandikie hivyo hivyo. Karatasi tu. Mwashi ananisubiri."

"Ngoja tuangalie kiwanja."

Alikwenda kabatini, akarudi na jalada, akakunjua ramani ya nyumba. Karatasi ilikuwa imepauka kwenye mikunjo. Aliweka kidole kwenye mlango wa mbele, akapitisha ukumbini, chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, akafika mwisho.

"Nyinyi ni hiki cha mwisho upande wa nyuma?"

"Ndicho."

"Hapa pameandikwa stoo."

Mama Pazia aliinama. Herufi zilikuwa nne, zimeandikwa kwa mkono, za mviringo.

"Stoo haina dirisha," ofisa aliendelea, bila ubaya wowote. "Na kwenye ramani hii haina. Dirisha hilo lilitobolewa baadaye, bila kibali. Kwa hiyo jirani hajazuia dirisha. Amejenga karibu na ukuta wa stoo, na kwa ukuta wa stoo anaruhusiwa."

"Lakini sisi tunakaa humo. Mwaka wa nne huu. Kodi tunalipa."

"Hilo ndilo tatizo la pili. Stoo hairuhusiwi kukaa mtu." Alikunja ramani kwa mikunjo yake ya zamani. "Mama, nakuambia kama dada yangu. Nikiandika malalamiko yako humu, lazima nitume mkaguzi. Mkaguzi akija atakuta watu wanaishi stoo. Kitu cha kwanza kuondoka hapo si ukuta. Ni wewe na mzee wako. Niandike?"

Saa ilionyesha saa nane kasoro dakika tano.

Laiti angeomba kitu kidogo. Hapo Mama Pazia angejua pa kuanzia: angelia shida, angefungua pochi, angekopa kwa bosi. Lakini kijana hakutaka kitu. Alikuwa ameshika kalamu, anangoja jibu, na alionekana kabisa kwamba angeandika akiambiwa aandike.

"Usiandike," alisema.

"Haya. Pole, mama. Mwambie anayefuata aingie."

Alifika nyumbani saa nane na dakika ishirini na tano, jasho limemlowesha mgongo. Ukuta ulikuwa umeshasimama kutoka pembe hadi pembe, isipokuwa mbele ya dirisha lake, ambapo palibaki pengo kama mlango wa jiko la mkaa. Mwashi alikuwa amekalia debe lililopinduliwa. Alipomwona alisimama, akaitazama mikono ya Mama Pazia. Mikono ilikuwa mitupu.

"Hawakukupa?"

Alitikisa kichwa.

"Tajiri wangu amepita hapa mara mbili. Mara ya pili kanitukana." Akavuta toroli karibu. "Mama, yule mzee wako ni nani hasa?"

"Kwa nini?"

"Amenishikilia toka saa nne. Ananiambia kozi ya tatu imepinda. Nikabisha. Nikaweka pima maji, kweli, imepinda. Nikabomoa, nikaanza upya." Alicheka kidogo, kicheko kikakatika. "Nikamwambia, mzee, si ningeacha tu ipinde, ukuta wenyewe unakuziba wewe? Akanijibu, ukuta ukijengwa ujengwe."

Kutoka ndani ya pengo sauti ya mzee ilisikika, polepole, kila neno likiburutwa. "Usisahau kulowesha tofali. Jua kali hilo."

"Nalowesha, Fundi," mwashi alijibu. Akachovya tofali kwenye ndoo, akapaka udongo wa saruji, akaweka. Mama Pazia alisimama akaona nne za kwanza. Ya tano hakungoja.

Ndani, mwanga uliingia kutoka juu tu, na ulikuwa unapanda ukutani kadiri matofali yalivyopanda, kama maji yanavyopanda kwenye ndoo, lakini chini yake ndiko kulikokuwa kukijaa giza. Aliketi kando ya kitanda. Mzee alikuwa ameugeuza uso kule kule dirishani. Walisikia mwiko ukikwangua, tofali likigongwa likae sawa, mwiko tena. Ilipobaki nafasi ya tofali moja, mwashi alisema kutoka upande wa pili, "Kwaheri, Fundi," na mzee akamjibu, "Kazi njema."

Kisha hapakuwa na kitu.

Umeme wa nyumba ile ulikuwa ukiwashwa na mwenye nyumba mwenyewe, kila siku saa kumi na mbili jioni. Joto lilianza mapema. Hewa iliyokuwa humo ilikuwa ile ile waliyokwisha kuipumua, na ilinuka dawa ya kuchua, sabuni na saruji mbichi. Kifua cha mzee kilianza kupiga filimbi. Mara ya kwanza alisema ni vumbi tu. Mara ya tatu hakusema kitu, alifungua mdomo akautafuta mlango kwa macho.

Mama Pazia alitoka akamgongea mpangaji wa chumba cha tatu, mlinzi, aliyekuwa anafunga viatu aende zamu.

"Shemeji, nisaidie kitanda. Nakitoa ukumbini."

"Ukumbini? Watu watapita wapi?"

"Watapita ubavu."

Wakakitoa na mzee juu yake, wakakiweka ukumbini, mbele ya mlango wa uani, ambako palikuwa na upepo. Dakika chache tu, na filimbi ikapungua. Mzee aliona uani: kamba za nguo, bomba, mtoto anaosha sufuria. Akamuuliza mtoto jina la mwalimu wake, na mtoto akamjibu.

Wapangaji wakaanza kurudi. Wa kwanza walimpa pole na kupita ubavu, matumbo yamebanwa. "Fundi, leo umehamia barabarani?" mmoja alitania, na mzee akacheka kwa upande wa mdomo unaocheka. Kisha wakaja wenye ndoo. Ndoo moja iligonga kitanda, maji yakamwagikia shuka. Mwenye ndoo akaomba radhi, lakini huko mbele alisikika akisema, "Sasa hii kila siku itakuwaje?" Mwingine aliyebeba godoro lililokuwa limeanikwa alisimama, akangoja kitanda kisogezwe, hakikusogezwa, akarudi uani na godoro lake azungukie nje mpaka mlango wa mbele. Hakusema kitu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mwenye nyumba alikuja kuwasha umeme. Alisimama na funguo zake mkononi.

"Hiki nini?"

"Ni baba. Ndani hakuna hewa. Umeuza hewa yake."

"Mimi nimeuza ardhi yangu. Toa kitanda, ukumbi ni wa watu wote."

"Ulinikodisha chumba chenye dirisha."

"Nilikukodisha chumba. Dirisha sikukukodisha. Tazama risiti yako kama pameandikwa dirisha."

"Na pale pameandikwa chumba?" Mama Pazia alishuka kutoka miguuni mwa kitanda, akasimama mbele yake, na sauti yake ikapanda mpaka milango ikafunguliwa. "Maana nimetoka ofisini leo. Nimeiona ramani yako. Pameandikwa stoo! Mwaka wa nne unachukua kodi ya watu kwa stoo!"

Mwenye nyumba aligeuza funguo vidoleni, na kwa nukta moja uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshikwa. Kisha ukatulia.

"Umeandikisha malalamiko?"

Mama Pazia aliirudisha kanga begani.

"Nimekuuliza, umeandikisha?"

"Sijaandikisha."

"Basi unajua kwa nini." Hakupiga kelele. Aliwasha swichi, balbu zikawaka vyumba vyote. "Usipopapenda, wanaopatafuta ni wengi. Wiki hii nimewafukuza watatu mlangoni."

Akaondoka. Mama Pazia akarudi kuketi miguuni mwa kitanda. "Hakitoki," alisema, akiwaambia waliokuwa milangoni. "Mwenye hoja aje kwangu."

Hakuja mtu. Milango ilifungwa mmoja mmoja.

Walikaa hivyo karibu saa nzima. Halafu akatoka mama mjamzito wa chumba cha pili, tumbo la mwezi wa tisa, beseni la nguo kichwani, anakwenda bombani. Alifika kitandani akapima nafasi kwa macho. Hakulalamika. Alishusha beseni, akalisukuma chini ya kitanda mpaka likatokea upande wa pili, akageuka ubavu, tumbo likakwama kati ya ukuta na chuma cha kitanda. Akarudi nyuma, akajaribu tena akiwa amepandisha mguu mmoja. Akamshika mzee begani kujizuia asianguke. "Samahani, babu," alisema, akapita, akiwa anahema.

Mzee alimfuata kwa macho mpaka bombani.

"Mwanangu," alisema.

"Naam, baba."

"Nirudishe ndani."

"Hapana, baba. Hapa unapumua. Wacha waseme."

"Hawajasema kitu. Ndiyo maana." Alitafuta mate ameze. "Yule atapita hapa tena na nguo za maji. Na usiku ataamka kwenda msalani. Hilo tumbo litapita wapi? Nirudishe."

"Mimi nitamshika mkono apite. Nitakesha."

"Utakesha kesho pia?" aliuliza, kwa upole kabisa. "Na keshokutwa?"

Alitaka kusema ndiyo. Lakini kesho saa mbili palikuwa na madirisha kumi yaliyobaki kwenye ile nyumba kubwa, ya sebuleni, yale ya sakafuni hadi dari.

Mlinzi alikuwa ameshakwenda zamu. Amwombe mama mjamzito? Haiwezekani. Alikisukuma kitanda peke yake, kwa kishindo, mguu mmoja baada ya mwingine, chuma kikilia kwenye sakafu, na hakuna mlango uliofunguka kuuliza. Ndani, balbu ilikuwa imewaka. Kwenye fremu ya dirisha yalionekana matofali, yamenyooka, viungo vyake vyote sawa, bado vibichi.

Alinyoosha mgongo akavuta pumzi.

"Kichwa nikiweke upande gani, baba?"

Mzee alitazama ukuta huu, akatazama ule, akafumba macho.

"Popote, mwanangu. Sasa kote ni sawa."